Vichezeo Vilivyoondoka Usiku

Msomaji wangu, jambo nitakalokueleza hapa ni dogo machoni pa watu wengi. Halihusu vita wala ufalme, wala safari ya mbali, wala mali iliyopatikana au kupotea. Lahusu vichezeo: gari la waya, mpira wa matambara, mwanasesere asiye na mkono mmoja. Lahusu pia mkono wa mzazi unaovikusanya vitu hivyo usiku, watoto wamelala, na kuvitia katika gunia pasipo neno. Yamkini jambo hili lilitendeka nyumbani kwenu, nawe hukulijua mpaka siku ulipotafuta kitu chako ukakikosa. Yamkini siku moja litatendeka tena, na mkono utakuwa wako. Mimi limenifika mara mbili. Mara ya kwanza nilitendewa. Mara ya pili nilitenda. Kwa hiyo naweza kulisimulia kwa pande zote mbili, wala sina la kujivunia katika upande wowote.

Nilikulia karibu na mji wa Voi, mahali inapopita barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Mchana na usiku malori ya mizigo yalipita hapo, mengine yakishika safari mpaka Uganda na Rwanda. Sisi watoto tulikaa kando juu ya mawe tukiyahesabu. Tulizijua sauti zake kama mchungaji azijuavyo sauti za mbuzi wake. Tulijua lipi limebeba mzigo na lipi linarudi tupu. Hapana mmoja wetu aliyekuwa na gari la kuchezea lililonunuliwa dukani, wala hatukuona kwamba tumepungukiwa. Mtoto hahitaji fedha ili awe na gari. Ahitaji waya, macho na subira.

Mwaka 2000, nilipokuwa darasa la sita, niliunda lori langu. Kazi hiyo ilinichukua majuma matatu. Waya mnene niliupata katika mabaki ya ua uliobomoka, na mwembamba niliomba kwa fundi wa baiskeli. Magurudumu yalikuwa mifuniko ya mikebe, nayo niliivika vipande vilivyokatwa katika ndara kuukuu ili yasiteleze njiani. Kila kiungo nilikifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kutoka gurudumu la mbele niliinua waya mrefu uliofika kifuani pangu, na juu yake nikaupinda ukawa duara: huo ulikuwa usukani. Kwa hiyo niliweza kukimbia nikiwa nimesimama wima, lori likinitangulia, nami nikilikata kona kwa mikono miwili kama dereva mwenye leseni. Siku ya kwanza lilienda upande kama kaa, maana upande mmoja niliufanya mfupi kuliko mwingine. Nililifungua lote, nikapima upya. Vipimo nilivyovichukia darasani nilivipenda katika lori lile.

Kwa miaka miwili lilikuwa nami. Lilinipeleka dukani kununua chumvi na mafuta ya taa, lilinipeleka kisimani na kunirudisha. Kisha, kama ilivyo desturi ya maisha, miguu yangu ilirefuka na usukani ukawa mfupi. Nikaanza kucheza mpira na wavulana wakubwa. Lori likaingia uvunguni mwa kitanda, likakaa humo na vumbi.

Mwaka 2003 nilikwenda shule ya bweni kuanza kidato cha kwanza. Usiku wa kuamkia safari, sanduku langu la bati likiwa limefungwa tayari, niliinama nikalitazama lori langu, nikalisukuma ndani zaidi karibu na ukuta ili asilikanyage mtu. Lilikuwa halikutembea karibu mwaka mzima. Sikulihitaji tena, lakini nilihitaji liwepo. Huenda wewe unaelewa tofauti ya mambo hayo mawili kuliko watu wazima wanavyoielewa.

Mwezi wa Aprili niliporudi likizoni, baada ya kula na kuwasalimu majirani, niliingia chumbani nikainama. Mahali pa lori palikuwa na gunia la mahindi. Nilitazama nyuma ya gunia, nikatazama nyuma ya mlango, nikazunguka nyumba mpaka kwenye shimo la takataka. Halikuwapo. Mama yangu alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alinitazama, nami nikamtazama, na hapana aliyesema neno. Ningemwulizaje? Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, niliyekwisha kuvaa suruali ndefu na kujua majina ya mifupa ya mwili. Mtu kama huyo hulizwaje na gari la waya? Nilikwenda nyuma ya zizi, nikakaa huko mpaka macho yakakauka. Tangu siku ile sikulitaja lori lile, naye mama hakulitaja. Wahenga walisema: Mwenye kovu usidhani kapoa.

Baadaye nilijifunza kazi ya ualimu. Katika Chuo cha Ualimu cha Shanzu, Mombasa, nilifundishwa kwamba mchezo si upuuzi wa mtoto bali ni njia yake ya kujifunza ulimwengu. Nilifundishwa habari za Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, ambao nchi yetu ya Kenya iliuridhia mwaka 1990. Kifungu cha 31 chasema kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kifungu cha 12 chasema kwamba ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri wake. Nimewafundisha wanafunzi wangu mambo haya mara nyingi, chaki mkononi, kwa sauti kubwa. Sasa utasikia jinsi mwalimu huyo alivyoyatenda nyumbani kwake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilipata uhamisho kwenda kufundisha mahali pengine. Nyumba tuliyokuwa tukihamia ilikuwa na vyumba viwili tu, na lori tulilolikodi lilikuwa dogo. Mke wangu nami tulikaa chini tukahesabu vyombo. Kitanda kiende, kabati liuzwe, kuku wapewe jirani. Mwishoni tukafika kwenye kikapu cha watoto. Walikuwa wawili: binti mwenye umri wa miaka 8 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Kikapuni mlikuwa na gari la plastiki lisilo na magurudumu, vyungu vya udongo vya kupikia mchanga, na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za katani, maana mifuko ya plastiki tuliyoifanyia mipira sisi utotoni ilipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 2017. Chini ya vyote alilala Shangazi.

Shangazi alikuwa mwanasesere. Dada yangu alimshona kwa kipande cha leso, akamjaza pamba, akampa macho ya vifungo vya shati, akamletea binti yangu alipokuwa bado anatambaa. Mtoto alipoanza kusema, akamwita kwa jina la yule aliyemleta. Kwa miaka mingi Shangazi alikula mezani, alilazwa kwa nyimbo, aliugua malaria na kupona. Walakini mwaka ule binti yangu alikuwa ameanza kusoma vitabu na kuruka kamba, na Shangazi alikuwa amelala kikapuni miezi mingi, mkono mmoja umenyofoka, pamba imemtoka begani.

"Hamtazami tena," nilimwambia mke wangu.

"Tukimwuliza atalia," akajibu. "Na kesho ni safari."

Maneno hayo mawili yalitosha. Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, tulichagua vichache vilivyo vizima kwa ajili ya watoto wa jirani, na vingine nikavitia gunia nikavipeleka shimoni nyuma ya nyumba. Nilivitia moto. Plastiki ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, jambo ambalo mwalimu hakupaswa kulifanya, maana moshi huo ni sumu kwa avutaye. Nilisimama kando nikingoja moto uzimike. Nakuambia kweli, msomaji wangu: sikuona kwamba natenda dhambi. Niliona kwamba napunguza mzigo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata mwenzio huyo akiwa mwanao.

Siku ya pili katika nyumba mpya binti yangu alifungua mizigo yote. Kisha alinijia, akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Baba, umemwona Shangazi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi ndogo, kama mlango ulio wazi kidogo, nami ningaliweza kupita. Badala yake nilisema, "Sijui, mwanangu. Labda ameanguka njiani."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile yangu ilikuwa fupi kuliko nyingi. Katika safari mdogo wake alikuwa amekaa nyuma pamoja na mama yao, amepakata mfuko wa vitu vidogo vidogo. Basi, ikiwa Shangazi ameanguka njiani, ni nani aliyemwangusha? Binti yangu alifikiri kama hakimu, akapata jibu. Hakusema na mdogo wake siku hiyo wala siku ya pili yake. Alimnyang'anya kikombe chake. Jioni ya siku ya tatu nilisikia kilio nje, nikatoka, nikamkuta mtoto wa kiume amekaa chini, shavu lake limewekwa alama ya vidole. Nilipomwinua, alisema kwa kwikwi, "Baba, sikumwona. Lakini labda ni mimi. Labda nililala akaanguka."

Maneno yale yalinichoma kuliko moto wa shimoni. Nilikuwa nimemwibia mtoto mmoja, nikamdanganya, kisha uongo wangu ukaondoka kwangu ukaenda kumkalia mtoto wa pili ambaye hakutenda lolote. Naye, kwa kuwa alituamini sote, alikuwa ameanza kuungama kosa lisilo lake. Hata mshtakiwa mzima, akisimamishwa mbele ya watu anaowapenda wakimwambia kwamba amekosa, huweza kuishiwa na nguvu za kukana. Sembuse mtoto wa miaka mitano?

Niliwaita wote wawili, nikawakalisha mkekani, nikaketi chini mbele yao. Nikasema, "Shangazi hakuanguka. Nilimtia motoni mimi, usiku, mlipokuwa mmelala. Nilipoulizwa nilisema uongo. Mdogo wako hana kosa, na kofi ulilompiga ni langu."

Nilidhani binti yangu atapiga kelele. Hakupiga. Alimtazama mdogo wake kwanza, akamfuta shavu kwa kiganja. Kisha akanigeukia.

"Mimi nilikuwa simchezei tena," alisema. "Lakini ungeniambia, ningeagana naye."

Msomaji wangu, nimesoma vitabu vingi juu ya malezi ya watoto, na vingine nimevifanyia mitihani. Sikupata katika vitabu hivyo neno lililonifundisha kuliko hilo. Mtoto hakuwa akidai mwanasesere. Alikuwa akidai kule kuagana. Na mara ile niliposikia neno lake, nilijikuta nimesimama tena katika chumba kile cha karibu na Voi, nimeinama, nimelikuta gunia la mahindi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 nilikwenda kumwona mama yangu. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu likizo ile. Tulikaa barazani jioni, nikamwambia habari za Shangazi, naye akacheka kidogo na kusikitika sana. Kisha nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu ujana wangu. "Mama, lile lori langu la waya lilikwenda wapi?"

Alinyamaza kitambo. "Kumbe ulilitafuta," alisema.

"Nililitafuta mpaka shimoni."

"Mimi nilijua kwamba hulitaki tena. Hukuliendesha mwaka mzima. Lakini ulipokwenda bweni, mwanangu, kila asubuhi nilipofagia uvunguni ufagio uligonga magurudumu yake, yakalia. Nami nilipoyasikia nilidhani umerudi. Nilivumilia majuma mawili. Nikamwambia baba yako alifungue, tukafungia mlango wa banda la kuku. Uliporudi nilikuona unainama. Niliogopa nikisema nitalia mbele yako, nawe umekuwa mtu mzima."

Kulipopambazuka nilikwenda kulitazama banda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya mnene wenye kutu, na katika ncha yake moja palikuwa na pindo la mviringo ambalo mikono yangu ililifanya mwaka 2000. Katika miaka yote ile nilikuwa nimeufungua na kuufunga mlango ule mara nyingi, kila nilipokuja kumsalimu mama yangu, na sikujua kilichokuwa mkononi mwangu. Kwa miaka 21 nilikuwa nimedhani kwamba alikidharau kitu changu. Kumbe alikiondoa kwa sababu hakuweza kukidharau.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya sababu za wazazi kuviondoa vichezeo kimya kimya. Nimeziona kuwa nne. Ya kwanza ni nafasi: nyumba nyingi ni ndogo, na kitu kisichotumika hula mahali pa kitu kitumikacho. Ya pili ni uhitaji: waya ni waya, na kuku lazima walindwe. Ya tatu ni hofu ya kilio: mzazi aliyechoka huona kwamba ni rahisi kutenda kuliko kueleza. Ya nne ndiyo kubwa, nayo haitajwi: mzazi mwenyewe ana huzuni. Kichezeo kilichoachwa humwambia kwamba mtoto yule mdogo hayupo tena na hatarudi. Mzazi hutaka jambo hilo lipite gizani asilione vizuri. Katika sababu hizi nne hapana hata moja iliyo ya uovu. Walakini nia njema haifanyi kitendo kuwa cha haki, kama vile mtu aangushaye mti kwa kutafuta kuni hawezi kusema kwamba nyumba iliyoangukiwa na mti huo haikubomoka.

Watu wa kale walilijua jambo hili kuliko sisi. Katika Ugiriki ya kale, msichana alipokaribia kuolewa alivipeleka vichezeo vyake, wanasesere na mipira, katika hekalu la mungu wao wa kike aliyeitwa Artemis, akaviacha hapo kwa mkono wake mwenyewe. Imani hiyo si yetu, lakini angalia hekima iliyo ndani ya desturi: utoto ulifungwa mchana, mbele ya watu, na aliyeufunga ni mwenye utoto. Katika nchi ya Japani mpaka leo yapo mahekalu ambayo watu huyapelekea wanasesere wa zamani ili waagwe kwa ibada na shukrani, badala ya kutupwa pamoja na takataka.

Hata matabibu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza habari za kitu kile cha kwanza ambacho mtoto mchanga hukishika kama chake, kama vile kipande cha blanketi au mwanasesere laini. Alionyesha kwamba kitu hicho humsaidia mtoto kuvumilia kutengana na mama yake, na kwamba kikiachwa kiende kwa wakati wake, hupungua thamani polepole mpaka mtoto mwenyewe akakiacha bila majeraha. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka binti yangu. Alikuwa amekwisha kumwacha Shangazi kwa miguu yake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa hatua moja tu ya mwisho, nami nikamnyima.

Basi tulifanya kanuni nyumbani kwetu. Kila mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, tunatandika mkeka barazani, na watoto wanavimwaga vichezeo vyao vyote. Wao wenyewe wanavigawa mafungu manne: cha kubaki, cha kutengenezwa, cha kupewa mwingine, na cha kutupwa. Kikapu ni kimoja, na kisichoingia kikapuni hakina budi kupata njia nyingine. Hilo ni neno la wazazi, wala hatulibadili, maana nyumba bado ni ndogo. Lakini kipi kiingie na kipi kitoke, hilo ni neno la watoto. Kichezeo cha kupewa mwingine hukabidhiwa na mtoto mwenyewe, kwa mkono wake, ili aone uso wa akipokeaye.

Nilijifunza jambo katika mkeka ule wa kwanza. Palikuwa na gari lililonunuliwa kwa fedha nyingi, nililoazimu kulihifadhi. Mwanangu wa kiume alilitoa papo hapo kwa mtoto wa jirani, hata hakugeuka nyuma. Lakini kifuniko kimoja cha chupa, ambacho mimi ningalikitupa nikiwa nimefumba macho, alikibana katika ngumi, akakataa kabisa. Sikumwuliza sababu. Hapo nilifahamu kwamba mzazi hawezi kuijua thamani ya kitu cha mtoto kwa kukitazama. Bei anaijua, na ukubwa anauona kwa macho. Thamani imo kwa mtoto, naye asipoulizwa haijulikani.

Wako watakaosema kwamba haya ni kuwadekeza watoto, na kwamba zamani tulinyang'anywa na tukakua. Ni kweli tulikua. Lakini mtu akisema hivyo, mwulize kichezeo kipi kilimpotea alipokuwa mdogo. Nimewauliza wazee wa miaka 60 na zaidi. Aghalabu hunitajia kitu hicho mara moja, na rangi yake, na mahali kilipokuwa.

Sasa nakurudia wewe, msomaji wangu, kwa maana umesimama mahali pazuri pa kuyaona haya. Nyuma yako uko utoto, bado wa joto; mbele yako uko utu uzima. Yamkini umekwenda bweni mwaka huu, na utakaporudi utainama uvunguni ukakuta gunia. Ukilikuta, usiende nyuma ya zizi kama nilivyokwenda mimi. Nenda jikoni, ukae karibu na mama yako au baba yako, uulize kwa adabu, "Kile kitu changu kilikwenda wapi?" Usiulize kwa kushtaki. Uliza kwa kutaka kujua, kisha ulisikilize jibu mpaka mwisho. Huenda jibu likawa kwamba kiliuzwa ili upate daftari. Huenda likawa kama langu. Mimi nilingoja miaka 21 kupata maneno ya dakika tano, na katika miaka hiyo nilimwekea mama yangu kinyongo kidogo asichokistahili. Nilibahatika kumkuta hai. Si kila mtu abahatikaye.

Ikiwa una wadogo, na umeambiwa usafishe chumba, usiwe mkono wa usiku. Waite wadogo zako, uwaonyeshe, uwaulize. Usimcheke mwenzako wa bwenini ukiona katika sanduku lake kitu cha utotoni kilichofungwa katika kitambaa. Hujui kinambebea nini. Na siku utakapokuwa mzazi, nawe umechoka, nyumba imejaa, lori lingoja mlangoni, utajiambia kwamba mtoto hatatambua. Atatambua. Mwamshe, au ngoja kupambazuke. Atalia kidogo, kisha ataagana na kitu chake, na kesho atakuamini ukimwambia neno jingine.

Binti yangu sasa ni mkubwa, na dada yangu alimletea mwanasesere mwingine wa leso. Alimshukuru sana shangazi yake, akamweka kikapuni mwaka mmoja. Desemba iliyofuata alimtoa, akamvisha vizuri, akampelekea mtoto mchanga wa nyumba ya pili. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa jirani, nikasimama nje. Nilimsikia akimwambia yule mwanasesere, "Kwaheri, Shangazi." Kisha akatoka mikono mitupu, akanishika mkono, tukarudi nyumbani.